Kiboko Akimbia Mazoezi: mwongozo kamili wa kutengeneza kitabu cha picha cha kuchekesha watoto

Ukitaka kuona kichekesho cha bure, amka alfajiri ya Jumatatu ya kwanza ya Januari ukakae barazani. Watapita watu wazima na raba mpya, nyeupe pe, traksuti bado ina mikunjo ya dukani, na mmoja lazima atakuwa na firimbi shingoni ingawa hana anayemwongoza. Watakimbia hadi nguzo ya pili ya umeme, kisha kila mmoja atainama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Jumatatu inayofuata wamebaki nusu. Ya tatu anapita mzee mmoja tu na kandambili zake, na huyo alikuwa akipita tangu mwaka juzi.

Watoto wanaokwenda shule huwaona wote hao. Ndiyo maana kitabu cha picha kuhusu mtu anayejaribu kuanza mazoezi hakina haja ya kumwonyesha mtoto pa kuchekea. Mtoto mwenyewe hafanyi mazoezi. Anaruka kamba, anacheza rede, anafukuza tairi, anarudi nyumbani amechafuka mpaka kwenye kope, na hajui kama hayo yote yana jina. Mtu mzima anayejipangia ratiba ya kukimbia ni kiumbe wa ajabu kwake.

Kitabu changu cha namna hiyo kina kurasa 24, na mhusika wake ni kiboko. Kilinichukua miaka miwili, na zaidi ya nusu ya muda huo niliupoteza kwa mambo ambayo mtu angeweza kunieleza kwa mchana mmoja. Haya ndiyo hayo mambo. Nitatumia kitabu hicho kama mfano mwanzo hadi mwisho, wewe weka mnyama wako na vituko vyako.

Hatua ya 1: Amua nani anachekwa

Mswada wangu wa kwanza haukuwa na kiboko. Ulikuwa na mvulana mnene aliyeshindwa kila kitu: kamba ilimkatikia, baiskeli ilipinda, bembea ikang'oka. Nikausoma mbele ya darasa la pili nikiwa na uhakika kwamba nimetunga kichekesho. Walicheka kweli. Kufika ukurasa wa tatu nikaona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea dawati la nyuma karibu na dirisha, alipokaa mtoto mmoja mwenye mwili. Naye alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, huku amevuta sweta lake kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Nikasema hadithi imeishia hapo, nikawatoa nje wakacheze.

Kwa hiyo kabla hujachora chochote, chukua kalamu upitie wazo lako kituko kwa kituko na ujiulize: kama mhusika huyu angekuwa mwembamba kama ufito, hapa pangechekesha? Kama jibu ni hapana, futa. Mimi nilifuta karibu mswada wote. Kilichosalia ndicho kilichokuwa na thamani: majivuno ya siku ya kwanza, ununuzi wa vifaa kabla ya jasho, visingizio, na mipango mikubwa kuliko mpangaji. Hayo ni ya watu wote, wanene kwa wembamba, na mtoto anayatambua kwa baba yake, kwa mjomba wake na kwa mwalimu wake.

Na mwisho wa hadithi usimfanye mhusika awe amepungua. Ukifanya hivyo umerudi kulekule ulikotoka, kwa mlango wa nyuma.

Utashawishika pia kuweka somo la afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na ni jambo jema mzazi alijue. Liandike ndani ya jalada la nyuma, kwa herufi ndogo, kwa ajili yake. Likiingia kinywani mwa mhusika, mtoto atanusa somo na kicheko kitakatika.

Hatua ya 2: Tafuta mhusika ambaye tabia yake ni nusu ya mzaha

Nilimchagua kiboko baada ya kusoma habari zake na kukuta kila moja ni kituko kilichokwisha kuandikwa. Dume huweza kupita kilo 1,500, lakini kwenye nchi kavu, kwa umbali mfupi, hukimbia kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa saa. Hebu fikiria hilo: mnyama ambaye kila mtu anamwona mzito, kumbe binadamu wengi hawampati. Anaishi majini lakini haogelei kama watu wanavyodhani. Hutembea na kurukaruka huku akikanyaga sakafu ya mto. Ngozi yake hutoa majimaji mekundu ambayo si jasho wala damu, nayo humkinga na jua. Yaani akisema "nimetoka jasho", mchoraji ana rangi tayari.

Nenda ukamwone mnyama wako kama unaweza. Nilikwenda Mikumi, kwenye bwawa la viboko, nikakaa saa mbili na daftari. Kwa saa ya kwanza sikuona kitu isipokuwa mawe ya kijivu yanayopumua. Halafu jiwe moja likachezesha masikio, madogo, yanazunguka kama feni yakitupa maji huku na huku, na juu ya mgongo wake amesimama yangeyange mweupe, mguu mmoja, katulia tuli kana kwamba amelipa nauli. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyonipa kitabu. Masikio yakawa ndiyo sura ya mhusika wangu: yakisimama ana furaha, yakilala ameshindwa, yakizunguka anatunga kisingizio. Yangeyange nitamfikia baadaye.

Kuna na suala la jina. Kwa Kiswahili kiboko ni mnyama, kiboko ni fimbo, na kiboko ni sifa: mtu akicheza mpira vizuri tunasema "huyu kiboko!" Niliposema darasani "Leo nimewaletea kiboko", nusu ya darasa walificha mikono. Nikaandika hilo kwenye daftari palepale. Mchunguze mhusika wako hivyohivyo kabla ya kumbatiza, kwa kuwa maana za pembeni zipo upende usipende, afadhali zikufanyie kazi.

Hatua ya 3: Tafuta mtambo unaosukuma hadithi

Vituko vitano vya kuanguka si hadithi. Mtoto atacheka mara mbili, ya tatu ataomba maji. Lazima kuwe na kitu kimoja chini yake kinachozidi kukua, na ikiwezekana kiwe kitu ambacho mtoto anakiona na mhusika hakioni.

Mimi nilikipata ndani ya lugha yenyewe. "Kukimbia mazoezi" ni kuyakwepa. Lakini anayekimbia mazoezi si anakimbia? Basi hapo hapo nikapata kitabu kizima: Kiboko anapanga zoezi kila siku, kila siku linaharibika, na kila siku linamalizika yeye akitimua mbio. Jioni anahesabu: leo sijafanya mazoezi. Mtoto anayetazama picha anajua kwamba amekimbia robo ya pori. Kiboko mwenyewe hajui mpaka ukurasa wa mwisho, na hata hapo hajui.

Huo ndio mtambo. Wako unaweza kuwa mwingine: bibi anayekataa mazoezi kwa kuwa ana kazi nyingi, na picha zinamwonyesha akitwanga, akibeba ndoo, akimkimbiza mbuzi. Au kobe anayepasha misuli moto kitabu kizima na kuwa tayari siku mashindano yamekwisha. Jipime hivi: ukiweza kuusema kwa sentensi moja na mtu akatabasamu, endelea. Ukihitaji sentensi tatu, bado.

Mtambo ukishapatikana, vituko huja vyenyewe. Kile ninachojivunia zaidi ni cha Alhamisi. Kiboko anajiunga na swala kwenye mchakamchaka. Kila aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anajua wimbo: kiongozi anaita "Mchakamchaka!" na wote wanaitika "Chinja!" Sasa hao ni wanyama. Kiboko anasimama ghafla, masikio yamelala, anauliza, "Achinjwe nani?" Ukifungua ukurasa hayupo, limebaki vumbi na raba moja. Nimesoma kituko hicho mbele ya walimu wenzangu na wao walicheka kuliko watoto, kwa sababu hakuna aliyewahi kujiuliza.

Hatua ya 4: Gawa kurasa kabla ya kuandika

Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanaandika hadithi ndefu halafu wanatafuta mahali pa kuikatia. Anza na kurasa. Vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mashine ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16, na mbili za namna hiyo ni 32. Mimi nilichukua 24 kwa sababu ya gharama. Kitabu cha kubana kwa pini mgongoni lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, maana kila karatasi iliyokunjwa mara moja ni kurasa nne.

Mgawanyo wangu ulikuwa huu:

Ukurasa 1: jina la kitabu. 2: hakimiliki.
3: Kiboko amelala fofofo bwawani. Swala wanapita wakikimbia. Anafungua jicho moja.
4–5: Jumapili jioni anatangazia bwawa zima: "Kesho naanza!" Ameshanunua raba, jozi mbili, maana ana miguu minne.
6–7: Jumatatu, kuruka kamba. 8–9: kamba inaamka.
10–11: Jumanne, pushapu. 12–13: hainuki.
14–15: Jumatano, kuogelea. Anaibukia kwenye bustani ya watu.
16–17: Alhamisi, mchakamchaka. 18–19: hayupo.
20–21: Ijumaa, anapumzika chini ya mti wenye mzinga. Nyuki. Hakuna neno hata moja.
22–23: bwawani, chubwi!
24: "Nitaanza Jumatatu."

Angalia kitu kimoja. Kurasa mbili zinazotazamana, ya kushoto yenye namba shufwa na ya kulia yenye namba witiri, mtoto huziona kwa pamoja. Kwa hiyo swali liweke upande wa kulia, chini, na jibu liwe nyuma yake. "Kiboko akaona kamba nzuri, ndefu, yenye madoa" ni ukurasa wa 7. Ukurasa wa 8 ni chatu amefungua macho. Ningeyaweka yote mawili kwenye 6 na 7, mtoto angemwona chatu kabla sijamaliza kutamka "kamba" na mzaha ungekufa. Mkono wa mtoto unaofungua karatasi ndio unaopiga mzaha wenyewe, wewe kazi yako ni kuweka karatasi mahali pake.

Hatua ya 5: Andika, kisha ufute

Kitabu cha kurasa 24 kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 kinatosheka na maneno 300, hata pungufu. Rasimu yangu ilikuwa na zaidi ya 900. Hii hapa Jumanne ilivyokuwa:

"Siku ya Jumanne Kiboko aliamka asubuhi na mapema akiwa na ari kubwa ya kufanya mazoezi ya pushapu. Alilala kifudifudi kwenye matope kando ya bwawa, akaweka mikono yake chini, lakini kwa kuwa matope yalikuwa laini sana alizama na kushindwa kuinuka tena, jambo ambalo liliwashangaza wanyama wenzake."

Maneno 45, na hakuna hata moja la kuchekesha. Asubuhi inaonekana kwenye picha. Matope yanaonekana. Mshangao wa wanyama unaonekana. Nikafuta kila kinachoonekana, ikabaki hivi:

"Jumanne. Pushapu!
Chini…
tapwi!"

halafu unafungua ukurasa:

"Juu…
Juu…
Jamani, juu?"

Maneno manane. Anayesoma kwa sauti anajikuta ananyanyuka na kushuka mwenyewe, na watoto wanaitikia ile "juu" bila kuombwa.

Utajiri wetu mkubwa hapa ni tanakali za sauti. Lugha nyingine huhangaika kutafuta kelele za kuandika kwenye vitabu vya watoto. Sisi tunazo, na kila moja inajua mahali pake. Ukianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu. Mtoto wa Kiswahili anasikia tofauti hizo hata kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo usiandike "akaanguka kwa kishindo" hata siku moja. Mfanye mhusika aangukie mahali tofauti kila siku, na sauti zenyewe zitakuwa ramani ya kitabu. Bwawa likijaa, limejaa pomoni. Akilowa, amelowa chapachapa. Wote wakinyamaza, kimya jii. Ila usizirundike. Moja kwa kurasa mbili inatosha, na kwenye kilele cha nyuki sikuweka hata moja, maana nilitaka msomaji apige kelele zake.

Weka na kibwagizo. Changu ni "Leo bado. Kesho!" Kinarudi kila jioni, na kufikia Jumatano watoto wanakisema wao. Mwanzo wa "Paukwa!" nao nilikuwa nimeuandika ukurasa wa 3, nikauondoa. Kila msomaji ana namna yake ya kufungua hadithi, mwenye Paukwa atasema Paukwa na darasa litaitika Pakawa bila kuchapwa kitabuni.

Jambo la sarufi, dogo lakini linakera: Kiboko akiwa mhusika ni *a-*, "Kiboko anakimbia", ila mhariri mmoja alinirudishia ukurasa mzima wa *ki-*. Ulinde upatanisho wako.

Hatua ya 6: Picha na maneno visiseme kitu kimoja

Maneno yakisema "Kiboko alivaa raba nyekundu" na picha ikaonyesha Kiboko amevaa raba nyekundu, kimoja kinafanya kazi na kingine kimekaa bure. Kwenye kitabu cha kuchekesha, mara nyingi ni vizuri maneno yawe ni toleo la mhusika na picha iwe ndiyo ukweli. "Kiboko aliamka mapema." Picha: jua liko utosini.

Na hapa anaingia yangeyange. Hatajwi popote kwenye maneno. Yupo mgongoni mwa Kiboko ukurasa wa 3, na toka hapo anafanya kila zoezi, tena sawasawa. Kiboko akizama matopeni, yeye anapiga pushapu juu ya kichwa chake. Ukurasa wa 16 amejifunga kitambaa kichwani. Wakati wa nyuki ndiye aliyeshika firimbi. Watu wazima hawamwoni mpaka waonyeshwe. Watoto humwona siku ya kwanza na kuanzia hapo hawasikilizi tena, wanamtafuta, jambo ambalo lilinikera mwanzoni. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo sababu wanataka kitabu kisomwe tena.

Kama hujui kuchora, andika kando ya kila ukurasa mstari mmoja wa kitu ambacho lazima kionekane na hakipo kwenye maneno, umwachie mchoraji mengine. Usimwelekeze mpaka rangi ya ukucha. Mchoraji mzuri atakuletea vichekesho ambavyo hukuviwaza, na kitambaa cha yangeyange hakikuwa wazo langu.

Hatua ya 7: Tengeneza kitabu cha mfano, ukijaribu kwa watoto

Chukua karatasi sita za A4, zikunje katikati, zibane kwa stepla kwenye mkunjo. Una kitabu cha kurasa 24 za A5. Chora kwa penseli, vijitu vya vijiti vinatosha, andika maneno kwa mkono. Gharama yake haifiki nauli ya daladala, na kitakuonyesha makosa ambayo kompyuta haionyeshi.

Kisome kwa watoto ambao si wako. Wanao watacheka kukupendeza. Usiwaulize kama kimewafurahisha, mtoto wa Kitanzania akiulizwa na mwalimu atajibu "Ndiyo" kwa pamoja na wenzake. Tazama mikono na matako. Wakisogea mbele, ukurasa ni mzuri. Wakianza kuvutana mashati, weka alama ya penseli pale pale uendelee. Kwangu alama tatu ziliangukia Jumatano, kwenye kuogelea, na kila niliporekebisha maneno zilibaki palepale. Tatizo halikuwa maneno. Kiboko alikuwa anatembea chini ya maji kurasa mbili na hakuna kinachotokea. Nilipomfanya aibuke katikati ya bustani ya mchicha na jani la mchicha kwenye kila sikio, alama zikaisha.

Kijaribu kwa watoto watano sita kwa zamu, halafu mpe mtoto mmoja kitabu akushikie yeye, akusimulie kwa picha tu. Anapokosea ndipo picha yako inapokosea.

Hatua ya 8: Picha za mwisho na vipimo

Hii hatua ni kavu, lakini ukiipuuza utalia kiwandani. Nililia.

Amua ukubwa kwanza. Changu ni cha mraba, sentimita 21 kwa 21. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa kuchapwa, yaani ukurasa wa sentimita 21 ni pikseli 2,480 hivi kwa upana. Ukichora kwa mkono, tumia skana. Picha ya simu huvuta kivuli upande mmoja na karatasi nyeupe hutoka ya buluu. Ukichora kwa kompyuta, programu ya Krita ni ya bure na inatosha, na Scribus, ya bure pia, hupanga kurasa.

Kila picha inayofika ukingoni izidishe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na kitu chochote muhimu kikae angalau sentimita 1 ndani. Katika toleo la kwanza mimi sikuacha ziada hiyo. Mashine ya kukata ikapita, na katika kurasa nne yangeyange akatoka bila kichwa, nakala zote. Mchapaji aliniambia, kwa upole, kwamba yeye alikata pale nilipomwambia. Na katikati, kwenye pini, usiweke uso: Kiboko wangu wa ukurasa wa 12 na 13 alikuwa na pua iliyomezwa na mkunjo.

Rangi za kioo cha kompyuta ni RGB, yaani za mwanga, za mashine ni CMYK, yaani za wino, na waridi kali au kijani cha kung'aa havivuki salama. Lile jasho jekundu la Kiboko lilitoka rangi ya tofali. Omba nakala moja ya kuangalia kabla ya kuruhusu mashine kuendelea, na uiangalie nje, kwenye mwanga wa mchana.

Kwa herufi, mtoto anayejifunza kusoma anahitaji *a* na *g* za umbo lile analofundishwa kuandika. SIL, shirika linaloshughulikia lugha, lina fonti ya bure iliyobuniwa kwa wanaoanza kusoma, na jina lake, kwa bahati nzuri kwetu, ni Andika. Nimeitumia kwa ukubwa wa 20.

Hatua ya 9: Haki, namba na kiwanda

Hakimiliki yako huanza pale unapotunga, lakini kuisajili husaidia ugomvi ukitokea: ofisi ya hakimiliki Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Namba ya ISBN Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ukitaka kitabu kiingie shuleni rasmi, kuna njia ya ithibati kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, au taasisi ya mitaala, KICD, kwa Kenya. Ina taratibu zake na inahitaji subira. Kama mchoraji ni mtu mwingine, andikianeni kabla ya penseli ya kwanza: nani anamiliki michoro, analipwa mara moja au kwa kila nakala, na jina lake litakaa wapi. Udugu hauzuii maandishi.

Ukipeleka kwa wachapishaji, mathalani Mkuki na Nyota au E&D Vision pale Dar es Salaam, peleka maneno na kitabu cha mfano cha penseli. Usigharamie michoro kamili kabla, maana huenda wakataka mchoraji wao. Ukichapa mwenyewe, karatasi ya gramu 130 ndani na 250 kwenye jalada huvumilia mikono ya darasa la kwanza kwa muda. Na kama lengo ni kusomwa zaidi kuliko kuuza, maktaba za mtandaoni African Storybook na StoryWeaver hupokea hadithi za Kiswahili bure, kwa leseni huria, ambayo maana yake mtu yeyote anaweza kuitafsiri na kuibadili. Lielewe hilo kabla hujabonyeza, kisha lisikukoseshe usingizi.

Hatua ya 10: Kisome

Uza utakavyouza, lakini nakala zangu nyingi ziliondoka baada ya kusoma kwa sauti, mbele ya watoto, mzazi amesimama mlangoni akisubiri kuondoka. Shika kitabu pembeni ya uso, si mbele yake. Kabla ya kufungua ukurasa wa 8, 12 na 18, nyamaza. Hesabu moja, mbili. Kurasa za nyuki usiseme kitu, wao watasema.

Ukurasa wa mwisho Kiboko amekaa bwawani, maji yote yamemwagika nje, samaki wanamtazama kutoka kwenye nyasi. Anahesabu siku kwa vidole, na kwa kuwa kila mguu una vidole vinne, Ijumaa inamlazimu kuinua mguu wa pili. "Wiki nzima nimekimbia mazoezi," anasema. "Nitaanza Jumatatu."

Hapo atatokea mtoto mmoja, kwa kawaida aliyekuwa kimya muda wote, atasimama kabisa: "Mwalimu! Lakini si amekimbia?" Mwingine atamjibu kwamba hayakuwa mazoezi, alikuwa anafukuzwa. Wa tatu ataleta habari za yangeyange. Usiwaamulie. Funga kitabu, kiweke mezani mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, ujifanye unatafuta chaki.